Jamani, tukipanda mlima tusiikate njia

Hili jambo huwa nalisema nikiwa njiani na halisikiki, maana mtu akiwa anahema na jasho linamtoka hataki kupewa somo, basi leo naliandika hapa lote mtu alisome akiwa ametulia kabla hajafunga kamba za viatu. Ni kuhusu kubaki kwenye njia. Na siongelei ile milima mikubwa ya safari za siku nyingi ambayo watu wanaenda na waongozaji na wapagazi, kule mtu anakuwa na woga kidogo na anafuata anachoambiwa. Naongelea mlima wa karibu, ule unaojaa watu kila wikendi, grupu za kazini, wanafunzi, familia zenye watoto, wanaofanya mazoezi, na wale ambao ndo kwanza wanapanda mlima maishani mwao. Huo ndo unaoumia zaidi, na huko ndiko watu wanapotea huku kila mtu akiamini kwamba mlima mdogo kama ule hauwezi kumpoteza mtu.

Tuanze na zile kona. Mteremko ukishakuwa mkali njia inaacha kupanda moja kwa moja, inaenda kushoto mbali huko, inageuka, inarudi kulia, inageuka tena, na ukiinua macho unawaona waliokutangulia wako juu ya kichwa chako kabisa, ungekata ungewafikia sasa hivi. Mtu amechoka, anajiuliza kwa nini nizunguke kote huko, anashika kichaka anajivuta juu. Nyasi zinalala. Anayefuata anaona pamelala anajua hapa ndo watu wanapita, naye anapita, na wakishapita wa kutosha panabaki udongo mtupu wenye mizizi iliyochunika.

Zile kona hazikuwekwa kumsumbua mtu. Aliyeichora ile njia alifikiria maji kabla ya kufikiria miguu yako. Maji ya mvua siku zote yanatafuta mteremko mkali kuliko yote, na njia inayolala ubavuni mwa mlima inayaacha yavuke juu yake yaendelee kushuka kwenye majani taratibu, hayapati mbio. Shotikati, yaani hiyo njia ya mkato, inayoshuka wima ni mfereji uliokwisha kuchimbwa, yanaingia humo na hayatoki. Tena udongo ukikanyagwa sana unashindiliwa, vile vitundu vidogo vinavyopitisha maji vinaziba, kwa hiyo badala ya kuzama yanatiririka juu juu, yanabeba kwanza udongo laini, halafu changarawe, mwisho yanaanza kung'oa mawe. Kuna siku pita sehemu kama hiyo baada ya mvua kubwa usimame uangalie. Juu pana kipara cha udongo. Katikati mizizi ya mti inaning'inia hewani kwa sababu udongo wake umeshaondoka, na mti wenyewe umeanza kuinama. Chini, pale shotikati inapokutana tena na njia, kuna rundo la mchanga na kokoto limemwagika juu ya njia yenyewe, na watu wameanza kulizunguka kwa pembeni, yaani uharibifu wa juu umezaa uharibifu mwingine chini.

Na hapo sijataja mawe yanayoporomoka. Anayekata kona anapanda kwenye udongo usioshikana, jiwe likimchomoka mguuni halina pa kwenda isipokuwa kwa watu walioko kona ya chini, na mara nyingi kwenye kona ndo watu wanakaa kupumzika na watoto wao. Hii peke yake ingetosha kumfanya mtu abaki njiani hata kama hajali nyasi.

Sasa kuna wale wanaosema mimi peke yangu nitaharibu nini, mlima wote huu. Swali zuri na lina jibu. Watu wanaochunguza athari za wageni kwenye hifadhi wamekuta kwamba uharibifu hauendi sambamba na idadi ya watu. Kwenye ardhi ambayo haijakanyagwa, ni wale wachache wa mwanzo ndo wanaoua sehemu kubwa ya majani, lakini kwenye njia ambayo imeshakanyagwa ikawa ngumu, mtu wa elfu moja haongezi kitu cha maana. Kwa hiyo yule anayesema niko peke yangu ndo mwenye mguu mzito kuliko wote, kwa sababu anakanyaga mahali papya. Na ndo maana kule nyikani ambako hakuna njia kabisa ushauri unageuka, mnaambiwa mtawanyike kila mtu apite pake msifuatane, mchague kukanyaga mwamba au changarawe au nyasi kavu, ili msije mkaanzisha njia. Ila kwenye mlima wa watu wengi njia ipo tayari, tunapita humo humo.

Humo humo hata penye tope! Hili watu wengi waungwana wanalikosea, wanadhani kukwepa dimbwi ni ustaarabu. Wewe unapita pembeni, pembeni panakuwa tope, anayekuja anakwepa lile tope jipya anasogea zaidi, na kijia kilichokuwa cha mtu mmoja kinatanuka mpaka gari linaweza kupita. Pita katikati, viatu vitalowa na vitakauka, na ukivaa viatu unavyovionea huruma basi siku nzima utakuwa unakwepa. Halafu yale mawe au magogo unayoyakuta yamelazwa mshazari kukatisha njia si ngazi iliyokosewa, yamewekwa ili yayatoe maji njiani yaende pembeni. Yavuke kwa juu, ukiyazunguka unafungua mlango wa maji kupita kwa pembeni na kazi ya watu inakuwa bure. Na mkikutana na watu kwenye njia nyembamba msipishane kwa kuingia kwenye majani wote wawili, mmoja asimame juu ya jiwe au pahali pagumu ampishe mwenzake, kawaida anayeshuka ndo anampisha anayepanda.

Kileleni ndo pa kuwa makini zaidi kwa sababu mimea ya juu inakua polepole mno, baridi, upepo, udongo wenyewe kiganja tu juu ya mwamba. Kwenye vilele vya Adirondack, jimbo la New York huko Marekani, mimea ilikuwa imekanyagwa ikabaki vipande vipande, wakaanzisha mpango tangu mwaka 1989 wa kuweka watu wanaoshinda kileleni kuongea na wapandaji mmoja mmoja, wanamweleza hii mimea ni nini na wanamwomba akanyage mwamba tu. Hawakufunga mlima. Na mimea imerudi sehemu nyingi. Mimi hii habari inanipa moyo sana kwa sababu inaonyesha watu wengi hawaharibu kwa ubaya, hawajaambiwa tu. Upande mwingine kuna Lake District kule Uingereza, ambako tangu 2001 kuna mradi unaitwa Fix the Fells wa kurudishia njia zilizoliwa na mmomonyoko, na sehemu nyingine mawe ya kujengea inabidi yapelekwe juu kwa helikopta kwenye mifuko mikubwa, halafu watu wanayapanga kwa mkono jiwe moja moja. Hebu fikiria gharama na migongo ya watu, kisa ni miguu yetu.

Ila hoja inayonikera zaidi ni hii inayofuata na sijui kwa nini haisemwi. Ile shotikati uliyokata leo haibaki kuwa yako. Wewe unaujua mlima, ulikata, ukatokea juu, ukaendelea. Baada ya miezi kadhaa pale pana kijia kinachoonekana vizuri kabisa, kimekanyagwa, hakina kibao, na anakuja mgeni saa kumi na moja jioni anashuka, ukungu umeingia, anafika penye vijia viwili vinavyofanana. Atajuaje kipi ni kipi? Kingine kinaishia kwenye genge, kingine kinaingia kichakani na kufifia kidogo kidogo, na mtu akishatembea dakika kumi hataki kurudi kupanda alikotoka, anajipa moyo kwamba mbele kitatokea mahali. Mlima wenye vijia vingi vya uongo unapoteza watu kirahisi kuliko mlima wenye njia moja hata kama hiyo moja ni ngumu. Ndo maana hata zile nguzo za mawe yaliyopangwa tusiwe tunajengajenga kwa ajili ya picha, kuna mtu kwenye ukungu anazifuata akiamini zinamwonyesha njia.

Na usidhani lazima uende mbali ndo upotee. Mwezi wa saba mwaka 2013 kuna mama mmoja alikuwa anatembea ile njia ndefu ya miguu ya Appalachian huko Marekani, amefika jimbo la Maine, msitu mnene, akatoka njiani kidogo tu kwenda kujisaidia. Hakuiona njia tena. Alijaribu kutuma ujumbe kwa simu, mtandao haukuwepo, ujumbe haukwenda. Walimtafuta sana na hawakumpata, mabaki yake na hema lake vilikuja kuonekana mwezi wa kumi mwaka 2015, na maandishi kwenye daftari lake yalionyesha aliishi zaidi ya wiki tatu akisubiri. Huwa nikiikumbuka hiyo habari natulia kwanza. Hakufanya ujinga wowote, alifanya kitu ambacho sisi wote tunakifanya kila tukipanda mlima.

Kwa hiyo ukitaka kujisaidia mwambie mwenzako, abaki amesimama njiani, na kabla hujaingia porini geuka nyuma uangalie njia inaonekanaje ukiwa upande ule, maana sura ya mahali ukienda na ukirudi ni vitu viwili tofauti. Usifike mahali ambapo sauti yake huisikii. Ukiwa peke yako chukua simu na filimbi, usiviache kwenye begi.

Ukiona umepotea, simama. Kaa chini, kunywa maji, acha moyo utulie ndo ufikirie. Kama unakumbuka vizuri ulikotoka rudi hapo hapo mpaka sehemu ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo, kama hukumbuki baki ulipo. Kufuata kijito kushuka chini kunasikika ni akili lakini milimani vijito vinaishia kwenye maporomoko na makorongo. Filimbi ni bora kuliko kupiga kelele kwa sababu koo linakauka mapema, ishara ya hatari inayojulikana milimani ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia, na anayekusikia anajibu kwa mara tatu. Simu nayo ukiwa umeshapakua ramani nyumbani itakuonyesha ulipo hata kama hakuna netiweki, kwa sababu GPS inapokea kutoka kwa setilaiti moja kwa moja, ila iweke kwenye hali ya ndege maana ikiwa inahangaika kutafuta mnara chaji inakwisha upesi, na baridi nayo inaila betri, kwa hiyo iweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Halafu tuseme ukweli, watu wengi wanakata njia kwa sababu wamechelewa. Giza linakuja, tochi hakuna, basi kila kona inaonekana adui. Hii inatatuliwa asubuhi, si jioni. Kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja anaitwa William Naismith, ya mwaka 1892, mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na unaongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Mlima wenye njia ya kilomita 10 kwenda na kurudi na kupanda mita 900 unakupa saa tatu na nusu, na hiyo ni kwa mtu mwenye mwendo mzuri asiyesimama, kwa hiyo grupu lenye watoto na watu wa mara ya kwanza na selfi kila mahali mimi naweka mara mbili. Pangeni saa ya kugeuza kabla hamjaanza na ikifika mgeuze hata kama kilele kinaonekana. Anayekwenda polepole kuliko wote ndo aweke mwendo, awepo mtu anayeijua njia mbele na mwingine mzoefu nyuma kabisa ambaye hapitwi na mtu, na kila penye njia panda wa mbele wasubiri mpaka wote wafike. Nimeona magrupu ambayo wa mbele wameshafika juu wanapiga picha wakati wa nyuma hawajui hata wameelekea wapi, na hao wa nyuma ndo wanaanza kukata kona ili wawafikie.

Jambo la mwisho, mkikuta matawi makavu au mawe yamelazwa mahali mdomo wa shotikati unapoanzia, hayakuanguka yenyewe, kuna mtu ameyaburuta hapo ili ardhi ya ndani ipumzike na majani yaote tena. Msiyaruke na msiyasogeze, na jiwe au tawi likiwa limeteleza au limeviringishwa pembeni lirudisheni mahali pake mkiwa mnapita, ni kazi ya dakika moja na hamhitaji ruhusa ya mtu.