Sukari Mdomoni

Leo asubuhi mwanangu wa miaka 3 kanitazama usoni, sukari ikimeta midomoni, akasema, "Ni dada." Dada yake ndiyo kwanza anatoka chumbani, hata uso hajanawa. Akaniuliza, "Mama, nani kamfundisha kusema uongo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Lushoto, jikoni kwa bibi.

Nilikuwa na miaka 9. Mtoto wa mjomba alihamia kwetu baada ya kufiwa, na bibi akaanza kumtengea ukoko wa wali uliokuwa wangu. Chupa ya chai niliivunja mimi, kwa bahati mbaya. Bibi alipouliza, nikanyoosha kidole.

Kuogopa fimbo kunaeleweka. Kinachonisumbua ni kilichofuata. Yule binti hakujitetea. Alisimama, kanga kaifunga shingoni, vigae vya chupa miguuni pake, chai ikitiririka hadi kwenye majivu ya mafiga. Kidevu kilimtetemeka. Alinitazama mimi, si bibi, akingoja niseme. Fimbo ya mpera ikashuka mara ya kwanza, ya pili, na kila mara alinitazama tena. Nami nikaona raha. Si ahueni ya kuponea chupuchupu. Raha hasa, iliyonishuka kifuani kama uji wa moto. Usiku ule ukoko niliula peke yangu.

Raha ile nilifundishwa na nani? Nyumbani tulisali kila jioni. Njaa sikuwa nayo.

Kwenye mafundisho ya kipaimara, wenzangu walibisha: kosa la Adamu linatuhusu nini? Mimi nilinyamaza. Dhambi ya asili, ile tunayozaliwa nayo, nilikuwa nimeionja kabla sijaijua jina. Baadaye nilisikia habari za Mtakatifu Augustino wa Thagaste, Algeria ya leo, aliyeiba mapeasi ujanani, katika karne ya 4, akawatupia nguruwe, kwa utamu wa kutenda kosa tu. Nilimwelewa mno.

Jirani yangu Mwislamu, mama ninayemheshimu sana, hushikilia kwamba mtoto huzaliwa katika fitra, safi, na uchafu humpata duniani. Nikimtazama mwanangu amelala, natamani awe yeye ndiye mwenye haki. Ila mle jikoni, dunia ilikuwa imenifikia kwa mlango upi?

Mwaka jana nilimtembelea yule binti, sasa mama wa watoto 4. Alinipakulia wali, akaniwekea na ukoko pembeni ya sahani, maana anakumbuka naupenda. Nilikula. Sikumwambia.