Mwaka wa tisa nafundisha Fizikia, ndio kwanza naingia shamba la zabibu

Mbukwa ndugu zangu. Leo naongea na walimu wenzangu, hasa wa sayansi huku Dodoma.

Kila mwaka kidato cha tatu nachukua kipande cha kioo na pini nne, nawaonyesha mwanga unavyopinda, wanachora, wanapima pembe, mtihani ukipita basi. Mi nimetoka shule nikaenda chuo nikarudi shule, sasa kazi za huko nje ningezijulia wapi? Wengi tuko hivyo. Mtaala mpya unataka umahiri, mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeanza 2024, halafu sisi kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunakaa ofisini tunasomeana moduli.

Safari hii jumuiya yetu ya walimu ikakubaliana kikao kimoja tukifanyie shambani, Hombolo, nauli tukachangishana wenyewe. Mkulima akatoa kitu kama darubini ndogo, rifraktomita, cha kupima sukari ya zabibu, akaminya zabibu, tone likakaa juu ya kioo, akafunika, akanambia mwalimu tazama kwenye mwanga. Ndani juu kuna bluu chini nyeupe, na pale zinapokutana unasoma namba, ikiwa 18 ni kama gramu 18 za sukari kwenye gramu 100 za juisi. Jamani huo ni mwanga unapinda! Sukari ikizidi unapinda zaidi, somo langu lile lile la pini, na ndio linaamua mtu avune lini na auze bei gani.

Jumatatu nikaingia nalo darasani kabla ya kioo na pini. Binti mmoja ambaye huwa haongei kabisa akanyoosha mkono, akasema mnunuzi huja na hicho kifaa kwao, anamwambia baba sukari bado, bei inashuka, baba hana la kujibu maana yeye huwa anaonja tu. Akauliza, mwalimu tutajuaje kama kinasema kweli?

Kipindi chote kikaishia hapo na sijutii. Tukafikia kwamba kwanza uweke maji safi, lazima kisome 0. Halafu gramu 10 za sukari ndani ya gramu 90 za maji, kisome 10. Tukagusia na joto, maana vifaa hivi vingi vimewekwa visome sawasawa kwenye nyuzi joto 20, kikiachwa juani hapa kwetu kinaweza kusoma chini ya ukweli na anayeumia ni mkulima, kwa hiyo yale maji uyapime pale pale shambani kabla ya zabibu.

Kifaa shuleni hatuna, tunaendelea kuchanga. Kikao kijacho tunaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mwalimu wa Hesabu ndiye kaomba mwenyewe.

Baba wa yule binti katuma ujumbe, anaomba zile hatua ziandikwe kwenye karatasi, kama inawezekana kwa Kigogo. Nimemwachia binti aandike yeye.