Herufi Nane, Wima

Sisi tulioingia Chuo Kikuu cha Nairobi 1998 tukikutana, mambo huwa ni yale yale. Nyama inachelewa, picha za watoto zinazunguka mezani, na kufikia saa kumi tumeshaanza kubishana nani amenyoa na nani nywele zimemtoroka. Mwaka huu nikaahidi kuleta chemshabongo ya kujaza vijumba, maneno yote ya kampasi. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki mbili.

Taabu ni kwamba maneno ya kampasi hayana tahajia. Chukua pesa za mkopo, zile zilizotufanya tule kuku wiki ya kwanza na mkate mkavu wiki ya sita. Kwa macho yangu ya kihariri ni BUMU. Nikaliweka mlalo, U yake ya kwanza ikiwa ndiyo herufi ya nne ya KAMUKUNJI iliyoshuka wima. Wenzangu wote wakaandika BOOM, tena kwa wino, kisha wakaniita kuniuliza ni mkutano gani wa wanafunzi uitwao KAMOKUNJI. Watu hao hao waliokuwa wakishuka ngazi za bweni mbio kila mtu alipopaza sauti ya "Komredi!" huko chini.

Neno la kufukuzwa chumbani usiku kwa sababu mwenzako kapata mgeni nililiacha. Lina tahajia tatu, na isitoshe komredi mmoja alikuja na mkewe, ambaye si yule mgeni.

Vitendawili ndivyo vilivyonogesha siku. "Hakusajiliwa, hajafanya mtihani hata mmoja, na yuko chuoni tangu 1956." Wawili wakataja jina la mwenzetu aliyechelewa sana kumaliza, naye alikuwa ameketi hapo hapo akitafuna mbavu. Jibu ni sanamu ya Gandhi. "Alikupa nguvu ya kusoma ulipokwisha kusoma", herufi tatu. Hilo walilipata upesi: wakati wetu rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vya umma, kwa hiyo Moi mwenyewe ndiye aliyetutunukia digrii. Walioshindwa walitoa mji, kama desturi. Mpaka jioni nilikuwa nimemiliki Kisumu, Malindi na Eldoret, na Kisumu nilikaribishwa samaki mzima kabla sijakubali kufumbua.

Lakini ninachotaka kusimulia kilitokea Jumatatu, kazini.

Nilikuwa nimesahau nakala moja mezani. Tuna mzee mmoja, mstaafu, huja kutusaidia kusoma prufu msimu wa vitabu unapobana. Alisoma chuo hicho hicho, miaka mingi kabla yangu. Niliporudi na chai nikamkuta ameishika karatasi yangu na penseli. Wima, namba saba: "Karatasi ya siri. Ukikamatwa nayo, umekwisha." Herufi nane. Alikuwa ameshajaza MWAKENYA, bila kufuta hata herufi moja.

"Umeiweza, Mzee," nikamwambia nikicheka. "Kumbe na nyinyi mlikuwa mnaingia nazo kwenye mtihani?"

Akaniangalia. "Mtihani gani, mama?"

Kwetu mwakenya ni kile kikaratasi cha majibu unachokikunja mpaka kinatosha ndani ya kalamu. Ukinaswa nacho unarudi kwenu. Sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi, ingawa nalijua, kama unavyojua kitu ulichofundishwa na hakijawahi kukugusa. Mwakenya ilikuwa harakati ya chinichini ya miaka ya themanini. Vikaratasi vyake vilipita mkono kwa mkono, na 1986 walimu wa vyuo, wanafunzi na watu wengine wakakamatwa, wengi wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mzee hakuniambia kama aliwahi kushika kimoja. Aliniambia tu kwamba fumbo langu limetungwa vizuri, halina neno la ziada.

Nilitaka kuomba radhi, sikujua ya nini hasa. Nikamsogezea chai.

Kabla ya kuondoka alinirudishia ile karatasi. Chini, pembeni, ameongeza fumbo lake mwenyewe kwa penseli: "Jumapili moja, na chuo kikafungwa hadi mwaka uliofuata." Herufi sita, ameandika, na ni mwezi.

Nimehesabu miezi kwenye vidole kama mtoto wa chekechea. Jana nikasalimu amri, nikampa Lamu. Amekataa. Anasema Lamu ni ndogo, kwa hilo anataka Mombasa yote, pamoja na kivuko.