Daftari la Nyumba ya Pangani

Nyumba yenyewe tuliipata kwa milioni 18, mwaka 2016, na wiki nzima nilitembea Tabata nikijiona tajiri. Nyumba ya mawe, Pangani mjini. Ukipanda juu unauona mto ukiingia baharini na kivuko kikielekea Bweni. Ilikuwa iwe ya likizo tu. Mume wangu akachukua daftari la shule la mtoto, akaandika: "Ukarabati, milioni 6." Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Ukurasa ule wa kwanza haumtaji dalali. Haumtaji mlinzi, wala maji ya boza, wala chakula cha mafundi, wala mafuta ya gari kila tukiitwa "mara moja tu, dada, mje muone."

Lakini kilichotumaliza ni lipu. Ya zamani ilikuwa ya chokaa, ukiigusa inabaki mkononi kama unga wa muhogo. Tukaenda na fundi wetu wa Dar, kijana hodari kweli, akaibandua yote akapiga ya saruji. Kuta zikanyooka, rangi ikang'aa. Nikapiga picha nikawarushia ndugu.

Masika ya mwaka uliofuata tulipofungua mlango, harufu ya unyevu ilitutangulia kutusalimu. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umeota malengelenge, rangi imejikunja kama utando wa maziwa. Jirani akatuitia mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Hata hakukaa. Alichokonoa lengelenge moja kwa ufunguo, unga mweupe ukamwagika kiganjani, akaulamba.

"Chumvi," akasema. "Haya ni matumbawe, mwanangu, mawe ya baharini. Chokaa inauacha ukuta upumue. Nyie mmeuziba pumzi."

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Toeni yote."

Kutoa kulikula pesa nyingi kuliko kuweka, maana saruji ilikuwa inang'oka na vipande vya mawe. Chokaa nayo haina haraka: inalowekwa shimoni kwa majuma kabla haijachanganywa na mchanga, na mzee analipwa kwa siku. Juu ya dari, boriti tatu zikakutwa zimeoza pale zinapoingia ukutani, kwa unyevu uleule. Boriti hizo ni za mkoko, na mkoko haukatwi bila kibali, kwa hiyo tukazunguka kutafuta boriti za nyumba iliyobomolewa, na mwenye nazo alijua fika kwamba tumeshikwa pabaya.

Mwaka 2019 nilikaa nikajumlisha. Milioni 41, mbali na bei ya kununulia. Mume wangu akaipokea karatasi, akaitazama, akaniuliza tumelala kule siku ngapi tangu tununue. Tukahesabu kwa vidole, na Idi mbili ndani yake: siku 11.

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa natafuta kalamu. Mshahara wa mlinzi wa mwezi ule ulikuwa bado haujaandikwa.