Kutafuta thri-o-thri kwa milioni tatu

Februari, Mafinga

Kibali cha kununua bunduki kimetoka. Nilianza kukisaka Julai mwaka jana: barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya kata, fomu za polisi wilaya, alama za vidole, mahojiano, na cheti cha kuonyesha kwamba najua kushika silaha bila kuhatarisha mtu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina njia ya mkato, na mimi naona ni haki iwe hivyo. Naanza na hili kwa sababu vijana wawili hapa mtaani wameshaniuliza naipata wapi kirahisi. Hakuna kirahisi.

Ninachotafuta ni Lee-Enfield, ile ambayo wazee wetu waliiita thri-o-thri kwa sababu ya risasi yake ya .303. Bunduki ya jeshi iliyostaafu, ya kuvuta kwa mkono bolti, kile chuma kinachoifungia risasi ndani. Sababu ziko mbili. Shamba langu la mahindi linapakana na miti ya misonobari na nguruwe pori hawana huruma. Ofisa wanyamapori wa wilaya anajua, na hakuna mnyama atakayeguswa bila yeye. Sababu ya pili ni babu yangu mzaa mama. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, akapelekwa vitani Bama (Burma) mwaka 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita Bonde la Kabaw kwenye tope na malaria. Thri-o-thri ndiyo aliyoibeba. Alituhadithia kwamba jioni walikuwa wakiinywesha bunduki chai kabla ya wao wenyewe kunywa. Sisi watoto tulicheka tukidhani ni utani wa kizee.

Bajeti yote ni shilingi 3,000,000: bunduki, fundi, nauli, sanduku, risasi. Nimeanza na sanduku. Mchomeleaji amenitengenezea la bati nene, kufuli mbili, limefungwa kwa bolti ukutani, 220,000. Lina kisanduku kidogo pembeni cha kuweka bolti ya bunduki peke yake, maana bunduki bila bolti ni fimbo tu.

Machi, Tukuyu

Nilishuka Tukuyu mvua ikinyesha. Mwenye bunduki ni mzee mstaafu, leseni anayo, macho yamepungua nguvu na watoto wake hawaitaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza ule, chuma hakina miguu."

Baada ya ndizi na maziwa mgando akaileta. Ni ile ya zamani, No. 1 Mk III, imevikwa mbao hadi karibu na mdomo. Sijaona mbao nzuri hivyo: nyekundu kama mninga uliopakwa mafuta miaka mingi, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa imelala ndani ya ala ya ngozi iliyoshonwa vizuri. Anataka 2,600,000. Moyo wangu ulishakubali kabla sijaigusa.

Nikatoa bolti, nikaweka karatasi nyeupe upande wa chemba, nikamulika tochi, nikachungulia kutoka mdomoni. Mtutu mzuri unaonekana kama bomba la kioo lenye mifereji inayojisokota. Mwanga unateleza ndani bila kukwama. Huu ulikuwa mweusi. Karibu na chemba, pale risasi inapoanza safari, palikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Nikapitisha kitambaa kwenye ufito. Kikatoka na unga wa rangi ya udongo, nikarudia, kikatoka vilevile.

Ala ile ya ngozi ndiyo iliyoiua. Ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia, na Tukuyu unyevu haukosekani mwezi wowote. Nje alikuwa akiifuta mafuta kila mara, ndani hakuna aliyepita miaka kumi na miwili.

Nilimwambia ukweli na nikampa tochi achungulie mwenyewe. Alichungulia muda mrefu, akainyamazia. Kisha akasema, "Basi ningekuuzia ugomvi." Nikamwambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, akanisindikiza hadi stendi na mwavuli wake. Njia nzima hadi Uyole niliifikiria ile mbao.

Aprili, Chunya

Kutoka Mbeya unapanda mlima kwenye baridi kisha unateremka upande wa pili hadi joto na vumbi la dhahabu. Hapa muuzaji ni mama mjane. Bunduki ya marehemu mumewe ilikabidhiwa polisi baada ya msiba, mirathi imekamilika, naye anataka iende kwa mtu mwenye kibali. Tuliiangalia kituoni, askari wa ghala la silaha akiwa pembeni, jambo lililonifurahisha: hakuna maneno ya gizani.

Ilikuwa mbaya kuitazama. Kitako kimepasuka nyuma ya bolti, ufa wa urefu wa kidole. Mbao ya juu ya mtutu imekatika kipande cha mbele. Nyingine zimekauka hadi kuwa kijivu, kama mpini wa jembe lililosahauliwa juani. Ubavuni mwa chuma nikasoma No. 4 Mk I*, LONG BRANCH, 1943. Ni Lee-Enfield ya toleo la baadaye, imetengenezwa Kanada, mwaka mmoja kabla babu hajaingia Bama.

Nikamulika. Mwanga uliteleza hadi mwisho.

Nilishtuka mara moja tu. Mtutu wa Lee-Enfield niliozoea kuusoma una mifereji mitano, huu una miwili. Nikadhani mitatu imelika. Lakini mtutu uliolika haumalizi mifereji mitatu na kuacha miwili ikiwa na kingo kali, unalika kote. Wakati wa vita viwanda vya Kanada na Marekani vilichonga mitutu ya mifereji miwili ili kuokoa muda, na ikapiga vizuri tu.

Kipimo cha pili: fundi alikuwa ameniazima risasi ya mfano, isiyo na baruti wala fataki, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti. Unaichomeka kichwa mdomoni mwa mtutu. Mtutu uliochoka unameza kichwa chote hadi ganda linagonga chuma. Huu ulimeza kidogo ukagoma, sehemu kubwa ya kichwa ikabaki nje. Cha tatu, namba: ya kwenye mwili na ya kwenye mkia wa bolti zinalingana. Bolti za Lee-Enfield zilikuwa zikisuguliwa zikae kwenye bunduki moja moja, hivyo namba zikitofautiana unanunua vitu viwili visivyojuana.

Tukuyu inakula chuma, Chunya inakula mbao. Na mbao hata mimi naiweza.

"Mama, umesema bei gani?"

"Milioni moja na laki nane na nusu, baba. Ndiyo ada ya kijana wangu."

Sikupunguza hata shilingi. Bunduki ilibaki ghalani hadi umiliki ukahamishwa kwa karatasi, wiki tano.

Juni, kwa fundi

Fundi mwenye leseni ya kutengeneza silaha, 240,000 kwa kazi yote. Kilichonileta kwake ni nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikiwa ndani ya chemba. Risasi ya .303 ina ukingo, na ukingo ule ndio unaoizuia isizame. Nafasi ikizidi, ganda linavutika na linaweza kukatika ndani, moshi wa moto ukarudi usoni kwako. Hiki si kitu cha kukisia kwa macho. Alitumia vipimo vya chuma, kimoja bolti inapaswa kukifunga na kingine isifunge. Ya kwangu ilifunga vyote viwili.

Hapa ndipo nilipoipenda No. 4. Kichwa cha bolti yake kinafunguka kama skrubu, na vilitengenezwa kwa namba, 0 hadi 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Changu kilikuwa 0. Fundi akafungua kopo la maziwa lililojaa vyuma vya marehemu bunduki nyingine, akachagua namba 1, akakifunga, akapima tena. Kipimo cha pili kikagoma. Sijawahi kufurahia kitu kugoma namna ile.

Julai, mbao

Mwezi wa ukungu, na nimeutumia wote uani. Ufa wa kitako nilikuta umejaa grisi ya zamani iliyoganda nyeusi, na gundi haishiki kwenye grisi. Siku tatu nilikuwa nikiipaka chokaa ya unga iliyochanganywa na spiriti, naiacha ikauke, inanyonya, naikwangua. Siku ya nne unga ukatoka mweupe. Nikafungua ufa kwa kabari nyembamba za mwanzi, nikasukuma gundi ya aradaiti ndani kwa waya wa baiskeli, nikafunga kwa mpira wa tairi ya ndani. Baadaye nikatoboa nikapitisha vijiti viwili vya mninga vikatize ufa.

Halafu mafuta ya linsidi, tone moja moja kwa kiganja hadi kiganja kipate moto. Kijivu kikaondoka polepole. Siku ya kumi ikatokea rangi ya asali chini yake, na karibu na triga mkwaruzo wa mtu fulani, herufi mbili, R na M. Nimeziacha.

Agosti, uwanja wa shabaha

Risasi za .303 hazipatikani kila duka, na bei yake ndiyo iliyonifanya niweke akiba ya 560,000 badala ya kununua bunduki ya bei zaidi. Nimepata chache mpya, na mzee mmoja mwenye leseni kwenye uwanja akanipa nafasi ya kujaribu kumi za kijeshi za zamani, mbele ya msimamizi. Kuzijaza kuna adabu yake: ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini yake, la sivyo zinakamatana na bolti inakwama katikati. Iliwahi kukwama mara moja, nikajifunza.

Mita 100, kumi zote zimeingia kwenye karatasi, saba zinafunikwa na sahani ya chai. Kwa mtutu wa mwaka 1943 sina la kudai.

Jioni nikaisafisha. Fataki za zamani za kijeshi zina klorati ya potasiamu, nayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa chumvi ya jikoni. Chumvi inavuta unyevu, na kwa ukungu wa Mafinga asubuhi moja inatosha kuleta kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu ikiendelea kula chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Nikachemsha birika, nikaweka faneli upande wa chemba, mdomo ukielekea kwenye beseni, nikamimina.

Maji yalitoka kahawia iliyokolea, na mvuke ukapanda, na chuma kikawa cha moto hadi nikakishika kwa kitambaa. Birika la pili yakatoka mepesi. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni na kanga yake mabegani. Akasema, "Baba alikuwa akimimina hivyo hivyo, kwa birika."

Joto likaukausha mtutu wenyewe. Nikapitisha kitambaa kikavu, kikatoka cheupe, kisha cha mafuta. Bolti kwenye kisanduku chake, kufuli zote mbili. Mbao ya juu ya mtutu bado fupi kipande cha mbele, na seremala ameniwekea ubao wa mninga uliokauka miaka minne.