Laptop inaona waifai ila haiingii mtandaoni

Jana nimepoteza karibu saa nzima nahangaika na laptop, simu iko kwenye waifai inapeta tu, laptop imegoma kabisa. Mwanzo hata majina ya mitandao hayakuonekana, kumbe nilikuwa nimegusa kile kitufe chenye alama ya ndege pale juu kwenye kibodi, kinazima waifai na Bluetooth kwa mpigo. Haya nikakibonyeza tena, majina yakaja, nikaweka paswedi, ikaandika imeunganishwa ila hakuna intaneti. Hapo ndo nilichoka.

Nikaenda kuangalia anwani ya IP (zile namba zinazotambulisha kifaa kwenye mtandao) nikakuta inaanza na 169.254. Ukiona hizo namba jua ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, haijaipa laptop anwani, laptop imejipachikia yenyewe, kwa hiyo hata ufungue brauza mara mia hutoki. Nikaufuta ule mtandao uliohifadhiwa, nikazima ruta, nikasubiri kama nusu dakika hivi, nikawasha, paswedi upya (safari hii herufi moja moja, jicho kavu)... ikaingia, anwani ikageuka ya kuanzia 192.168, yaani sasa ruta ndo imeitoa.

Halafu ruta yangu inatoa majina mawili ya waifai, la 2.4 GHz na la 5 GHz (hizo ni masafa ya mawimbi ya redio). La 5 lina spidi ila ukuta mmoja tu linalegea, la 2.4 linafika mbali zaidi. Laptop kuukuu zingine la 5 hazilioni kabisa, usije ukadhani imeharibika. Mimi chumbani nabaki na 2.4, nikikaa karibu na ruta ndo nahamia 5.