Unga wa mlonge na dawa ya moyo
Mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya chuma moyoni hunywa warfarin kila siku ili damu isigande kwenye vali hiyo, na kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachopima damu inavyochukua muda kuganda, ndicho kinachoonyesha kama dozi inamfaa. Majani ya mlonge, ambayo wengi huyasaga na kuyatia kwenye uji, yana vitamini K nyingi inayoweza kuipunguzia warfarin nguvu, ilhali vidonge vya kitunguu saumu huweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu. Shangazi yangu aliletewa unga huo na jirani mwenye nia njema kabisa, akauficha asije akagombezwa kliniki, jambo lililoniumiza sana. Tiba asili nimelelewa nazo na ninaziheshimu. Ninachowasihi wahudumu ni wamuulize mgonjwa kwa upole anatumia nini nyumbani, naye asione haya kukitaja.